Naomba ushauri: punje za chai ya Taiwan zinakuwa ngumu kabla ya jioni

Wakuu, habari za mchana. Nina bekari ndogo hapa Muheza. Mikate na skonsi vinakwenda vizuri, ila tangu nianze kuuza ile chai ya baridi ya Taiwan yenye punje za tapioka (vidonge vya wanga wa muhogo vya kutafuna), wateja wamegawanyika. Wanafunzi wanaipenda kweli. Wanaokuja jioni wanalalamika punje ni ngumu, na mteja akikunja uso mbele yangu naumia sana. Wazee wengine hawataki kabisa kutafuna kitu ndani ya kinywaji. Hao nawaelewa, nawapa chai ya tangawizi.

Nachemsha punje asubuhi, nazifunika zilainike, kisha naziweka kwenye shira ya sukari guru. Baada ya muda wa kama saa nne, kiini kinakuwa kigumu. Friji ndiyo iliziharibu zaidi, maana wanga wa muhogo ukipoa hukakamaa. Kupika kidogokidogo kunasaidia, lakini jiko ni moja na gesi inakwisha haraka.

Kwa mnaouza vinywaji hivi, mnazitunzaje zibaki laini hadi jioni? Na kuna anayetengeneza punje mwenyewe kwa wanga wa muhogo wa huku kwetu, zisipasukie kwenye maji?