Korti inaweza kutupa ombi lako bila kukwambia sababu?

Kijana_wa_Umoja: Wadau nisaidieni. Jana tulikuwa korti ya Milimani, Nairobi, na mzee wangu kwa hii kesi yetu ya ploti, tumekaa kwa benchi tangu asubuhi, kumbe hakimu anasema tu ombi limekataliwa, sababu zitatolewa baadaye, akaitisha kesi ingine. Kwa matatu mzee ananiuliza tumeshindwa kwa nini na mimi sina jibu. Hii ni haki kweli?

Karani_Mstaafu: Pole sana. Kuamua kwanza na kueleza baadaye si makosa, hata Supreme Court hufanya. 2017 Maraga, Jaji Mkuu wa wakati huo, na wenzake walifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, sababu kamili zikasomwa tarehe 20, maana katiba inawapa siku 14 tu kuamua kesi ya urais. Shida ni zisipokuja. Kwa kesi za madai, Order 21 ya kanuni za kesi za madai (Civil Procedure Rules) inataka hukumu itaje masuala yaliyobishaniwa, uamuzi na sababu zake, na kwa jinai ni kifungu cha 169 cha Criminal Procedure Code. Bila hizo, kwa rufaa utamwambia jaji wa juu hakimu alikosea wapi? Na chunga, siku 30 za rufaa huwa hazingojei mtu.

Pointi_Tano: Tuwe wakweli, nani husoma hizo sababu? Kurasa mia, Kiingereza kigumu. Mtu anataka kujua ameshinda ama ameshindwa, basi.

Mama_Donholm: Wewe husomi, lakini aliyeshindwa husoma, tena usiku mzima. Hiyo 2017 majaji Njoki Ndung'u na Ojwang walikataa kuungana na wenzao wanne na wakaeleza kwa nini, ndio maana tulikuwa na kitu cha kubishania huku mtaani, mara seva za tume ya uchaguzi, mara fomu 34B za matokeo ya kila eneo bunge. Katiba 159 inasema mamlaka ya korti yanatoka kwa wananchi, sasa nikupe mamlaka yangu halafu ukinikata unanyamaza? Hiyo ni chifu wa mkoloni. Na kuandika kunambana jaji mwenyewe, kuna uamuzi unaonekana poa kichwani lakini ukianza kuuandika hauandikiki. Kuhusu urefu, ingia Kenya Law, ile tovuti ya hukumu za korti, ni bure, ruka hadithi ya mwanzo shuka mpaka pale wanaorodhesha masuala ya kuamuliwa.

Kijana_wa_Umoja: Asanteni. Wakili naye hashiki simu tangu jana.

Karani_Mstaafu: Akikawia andika barua mwenyewe, weka namba ya kesi, uombe nakala ya ruling, yaani huo uamuzi, na sababu zake. Peleka registry, ofisi ya mafaili hapo kortini, na kopi yako wakupigie muhuri.