Uhalisia au uchezekaji kwenye gemu za bunduki: tubaki CS2 au tuhamie Squad?

MzeeWaMbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaocheza kweli, maana kikundi chetu kinakaribia kugawanyika.

Tuko watano: wawili Dar, mmoja Arusha, mmoja Mombasa, mmoja Muscat. Tumekua na Counter-Strike tangu enzi za 1.6 kwenye vibanda vya intaneti, mnalipa kwa saa na mwenye kibanda anawakumbusha muda umeisha katikati ya raundi. Leo tuko CS2, toleo lake jipya. Mwezi uliopita wawili wetu walinunua Squad, na tangu siku hiyo wamekuwa watu wengine. Wanasema CS ni mchezo wa kurukaruka, mtu anakula risasi mbili za kifua na bado anakimbia vilevile. Sisi tuliobaki tunasema Squad ni kutembea dakika kumi uje ufe kwa risasi usiyojua imetoka wapi.

Mezani kuna nne: CS2, Insurgency: Sandstorm, Squad na Arma 3. CS2 ni ya bure, nyingine unanunua. Nataka kujua, kwa kila moja, uhalisia wake unampa mchezaji nini na unamnyang'anya nini. Tusitukanane, tafadhali.

Shabaha_Likoni

Ndugu yangu, mimi ndiye huyo wa Mombasa. Msimamo wangu unaujua, lakini acha niuandike vizuri mara hii badala ya kupiga kelele kwenye maiki.

Ukishikilia kifyatuo cha AK kwenye CS, risasi za mwanzo zinapanda, halafu zinavuta upande mmoja, halafu upande wa pili. Mchoro ni uleule jana, leo na kesho. Hakuna bunduki duniani inayofanya hivyo. Lakini kwa sababu ni uleule, unaweza kuusoma. Nimeufundisha mkono wangu kuvuta mausi kinyume chake, miaka na miaka, na mtu akinishinda najua amenishinda kwa mkono au kwa akili. Ukifyatua huku unakimbia risasi zinatawanyika, lazima usimame kwanza. AK ikimpata mtu kichwani anakufa hata akiwa na helmeti. M4 inamwacha na uhai kidogo. Bomu linalotegwa na upande mmoja linalipuka baada ya sekunde 40. Upande wa pili kulitegua ni sekunde 10, ukiwa na kifaa cha kutegulia ni 5. Namba hizo ni zilezile kwa kila mtu, tajiri au maskini, mgeni au mwenyeji.

Juzi kwenye ramani ya Mirage nimebaki peke yangu, wao wawili, bomu limeshategwa, kifaa sina. Nikaligusa bomu kidogo makusudi ili wasikie ule mlio wa kutegua, nikaachia papo hapo, nikageuza mtutu kwenye kona. Wa kwanza akaja mbio. Wa pili akasita, na kule kusita kukamponza. Hakuna askari atakayecheza na bomu namna hiyo, lakini vidole vyangu vilikuwa baridi na moyo unadunda. Sasa mniambie ni uhalisia gani niliokosa.

Kuruta_Zamani

Mkuu Shabaha, umeandika vizuri. Mimi naongeza kitu cha upande mwingine.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Ile mnayoiita AK, kule sisi tuliizoea kwa jina la SMG. Siku ya shabaha tulilala kifudifudi kwenye vumbi, kitako begani, shavu kwenye ubao. Kwanza mlio: kwenye spika ni muziki, pale ni kofi la sikio, na baada ya risasi ya tatu nilikuwa sisikii vizuri anachosema mkufunzi. Pili, na hili lilinishangaza, bunduki yenyewe ukipiga moja moja haihangaiki sana. Inakupiga teke, inarudi. Anayehangaika ni wewe. Pumzi inainua mtutu, mapigo ya moyo yanautikisa, kiwiko kinateleza. Shabaha ile ilionekana ndogo kama punje.

Ndiyo maana nacheka moyoni mtu akisema gemu fulani ina bunduki halisi kwa sababu inatikisika sana. Mausi haina uzito, haina jasho, haina bega linalouma. Watengenezaji wanalazimika kuuongeza mtikisiko kwenye skrini ili kufidia vyote hivyo. Squad walifanya hivyo mwaka 2023 kwenye apdeti kubwa ya mapigano ya askari wa miguu: ukikimbia sana mikono inayumba, ukimiminiwa risasi macho yanafifia. Wachezaji waligawanyika vibaya. Wengine walisema askari wamegeuzwa walevi, wengine wakasema hatimaye watu wamejifunza kujibanza.

Mimi niko na kundi la pili, kwa sababu moja tu. Kabla ya hapo mtu akimiminiwa risasi alikuwa anainua kichwa na kujibu kwa utulivu kama hakuna kinachotokea. Binadamu hafanyi hivyo. Mtikisiko ni wa uongo, ila hofu inayokufanya ulale chini ni ya kweli, na mimi nataka gemu inipe hiyo ya pili. Umbo la bunduki na idadi ya skrubu zake hainihusu.

BintiMichenzani

Assalaam alaykum. Mie ndiye wa Muscat, na ni katika hao wawili waliohama. Nataka kukueleza jambo moja tu, Shabaha, kaka yangu, kisha uamue mwenyewe.

Squad nacheza mganga. Seva ina watu mia, hamsini kwa hamsini, na kikosi chetu kinafika watu tisa. Wiki iliyopita tulikuwa tunavuka shamba, mimi nyuma kabisa. Ikalia bunduki ya mashine kutoka kwenye miti. Watatu chini kwa mara moja. Nikalala kwenye mtaro, skrini yote ukungu, sioni mbele. Kwenye maiki kijana mmoja simjui, anaita tu, “Mganga, niko karibu na ukuta, usije, usije bado.” Ananikataza yeye mwenyewe aliyeanguka. Nikatupa moshi, nikahesabu mpaka kumi kwa sababu moshi hautandi mara moja, nikatambaa. Nikamfunga bendeji, akasimama, nikamtibu, kisha tukavutana hadi kwa wa pili. Wa tatu hatukumuwahi.

Usiku ule niliua watu wangapi? Hakuna hata mmoja. Na ndio usiku bora kabisa niliopata kucheza tangu nilipoanza. CS ingenipa nafasi gani mtu kama mimi, mkono wangu mzito, sina shabaha? Kwenye CS huwa wa mwisho kwenye ubao kila siku, nanyi mnanivumilia kwa sababu ni dada yenu. Squad imenifanya mtu anayeitwa.

Shabaha_Likoni

Dada, hilo la ubao sikulijua kwamba linakuuma. Samahani.

Lakini niulize kwa dhati: kabla ya hilo shamba mlitembea dakika ngapi?

BintiMichenzani

Kama kumi na tano. Gari letu lilikuwa limeshalipuliwa. Na sitakuficha, usiku mwingine unatembea hizo kumi na tano na hakuna shamba wala mganga, unakufa tu na kuanza upya. Kiongozi wa kikosi akiwa bubu, gemu nzima haina maana.

Fundi_Altis

Naona Arma 3 haina mtetezi. Mimi nimeipenda familia hii tangu Operation Flashpoint ya 2001, wale wale Wacheki wa Bohemia Interactive, na ushauri wangu kwenu ni msiichukue.

Arma 3 ya 2013 ina kisiwa cha Altis, kilomita za mraba 270 hivi, kimechorwa kwa kufuata kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki. Risasi inashuka kadiri inavyokwenda mbali, unarekebisha darubini kwa umbali. Ni tamu kuliko zote mlizotaja ikiwa kuna mtu mmoja kwenye kundi aliye tayari kukaa jioni nzima kuandaa operesheni kwa ajili ya wenzake. Bila mtu huyo mtakuwa watano kwenye kisiwa kitupu.

Nawaambia pia jambo linalohusu mjadala wenyewe. Kwenye Arma 2 mtu akatengeneza modi ya DayZ mwaka 2012, yaani aliigeuza gemu hiyo kuwa ya kunusurika kati ya mazombi. Mcheza mwingine, Brendan Greene, akatoa humo wazo la mapambano ya wote dhidi ya wote mpaka abaki mmoja, na 2017 likawa PUBG. Mwaka uliofuata likaingia kwenye simu, na leo kila kijana mwenye bando analijua. Angalia njia hiyo: katika kila hatua waliacha sehemu ya uhalisia njiani. Waliacha matembezi marefu, wakaleta duara linalowasukuma watu wakutane. Kitu kimoja tu hawakukitupa, nacho ni kwamba ukifa umekufa, kila ulichookota kinapotea. Hicho ndicho kilichokuwa moyo wa gemu tangu mwanzo, na waliobaki nacho walikuwa sahihi.

Nyanza_Usiku

Hamjaitaja Far Cry 2 ya 2008, nami siwezi kunyamaza. Najua si ya kucheza watano, ila inajibu swali la mwenye uzi kuliko hizo nne.

Nchi yake ni ya Afrika, haina jina, iko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Bunduki unayookota kwa adui ina kutu na itakwama, mara nyingi wakati umebanwa. Ukitaka isiyokwama haraka unanunua mpya kwa almasi. Ramani haiko pembeni ya skrini, unaishika mkononi huku unaendesha gari, na macho yakiwa kwenye karatasi unaingia mtini. Moto unashika nyasi kavu na kufuata upepo. Na mhusika wako ana malaria.

Mimi ni mtu wa kando ya ziwa, nimeugua malaria tangu utotoni, na najua malaria haiji kwa skrini kugeuka njano na kuisha kwa kidonge kimoja. Kama kipimo ni tabibu, gemu imefeli. Lakini inakushika ukiwa katikati ya safari, vidonge vimebaki viwili, na kuvipata lazima uende kuwasaidia raia wanaotafuta njia ya kutoroka nchi. Ule wasiwasi wa kuhesabu vidonge naujua, nimeuona kwa mama yangu.

Na gemu hiyohiyo ina kosa kubwa: ukisafisha kizuizi cha barabarani, ukaenda zako na kurudi, walinzi wamejaa tena. Hapo si halisi na pia haichezeki. Kwa hiyo msidhani ni mizani yenye pande mbili, ukiongeza huku unapunguza kule.

MwanaGoma

Mimi nasomaga tu hapa, siandikagi. Leo naandika.

Januari 2025 nilikuwa Goma. Sitasimulia. Nasema tu kwamba milio ya Squad, hasa mabomu yanayotoka mbali, ile sekunde kati ya kishindo cha kwanza na cha pili, wameipata sawasawa. Kaka yangu alinifungulia, nikavua hedifoni baada ya dakika tano na sijarudi.

CS nacheza kila siku. AK yake inalia kama ya gemu, ramani ni ndogo, hakuna mama anayekimbia na godoro kichwani. Raundi haifiki hata dakika tatu na kila mtu anasimama tena. Kwangu hiyo si kasoro, ndiyo inaniruhusu kucheza. Mkichagua ya kikundi, muulizane pia ni nani kati yenu anaweza kuisikiliza.

Kuruta_Zamani

Pole sana, ndugu yetu. Asante kwa kuandika.

MzeeWaMbagala

MwanaGoma, pole, na ahsante. Nimerudia maneno yako mara tatu kabla ya kujibu.

Tumekaa jana kwenye simu wote watano na tumefikia hapa. Arma 3 hapana, hakuna mwenye jioni za kuandaa. CS2 inabaki siku za katikati ya wiki, maana mtu akirudi kazini ana nusu saa tu. Ijumaa tunakwenda Insurgency: Sandstorm. Nimeijaribu juzi na Shabaha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeikubali. Haina alama ya kulengea katikati ya skrini, haikuhesabii risasi. Ukibadilisha magazini iliyobaki nusu, ile nusu inarudi mfukoni na utakuja kuikuta baadaye ukiwa na shida. Ukiwa na haraka unaitupa chini na risasi zake zimekwenda. Shabaha alikuwa kwenye ngazi, akavuta kifyatuo, ikalia ‘tik’. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sikuhesabu.” Kule CS namba iko pembeni ya skrini, hajawahi kulazimika kuhesabu. Na kutoka kufufuka hadi mapigano ni sekunde, hakuna mashamba ya robo saa.

Humo tunacheza upande mmoja dhidi ya kompyuta, nafasi ni nane na sisi ni watano. BintiMichenzani ndiye kamanda. Kamanda akitaka msaada wa mizinga lazima awe karibu na mwenye redio, kwa hiyo Shabaha atabeba redio na atamfuata dada kila aendako. Squad ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa anayetaka.

Nafasi tatu ziko wazi. Kuruta, karibu. MwanaGoma, jaribu kwanza peke yako ukiwa umepunguza sauti, na ukiona haifai, Jumanne tuko CS kama kawaida, njoo huko. Ijumaa ni saa tatu usiku kwa Dar na Mombasa, saa nne Muscat, saa mbili Goma.