Mkono Utangulie Mguu

Idi: Shikamooni nyote. Mjomba Salehe, naomba unitatulie jambo. Mwalimu wangu wa ndondi hunisimamisha mguu wa kushoto mbele, na mkono wa kulia, ambao ndio wenye nguvu, hubaki nyuma. Leo amekuja mwalimu mgeni akanigeuza, akisema kwamba ndivyo alivyofundisha Bruce Lee. Nimfuate yupi?

Mjomba Salehe: Marahaba, mpwa wangu. Wote wawili wana hoja. Bondia huuweka nyuma mkono wenye nguvu ili upate nafasi ya kukusanya uzito wa mwili kabla ya kutua. Bruce Lee alifuata hesabu ya mchezo wa vitara, ambamo mkono ulioshika silaha ndio unaokaa karibu na mpinzani, kwa hiyo safari yake ni fupi. Hata jina alilolipa mtindo wake mwaka 1967, Jeet Kune Do, maana yake ni njia ya ngumi inayokatiza: humngoji mwenzako apige ndipo ukinge, bali unampiga pigo lake likiwa bado njiani.

Dada Rehema: Shikamoo, Mjomba. Naomba nipinge kidogo. Huyo alikuwa mwigizaji, na hakuwahi kushika mkanda wowote wa ubingwa wa kulipwa. Watu hawamchanganyi mpiganaji na sinema yake?

Mjomba Salehe: Marahaba. Hapo umesema kweli, wala sitamtetea kwa rekodi ambayo hana. Lakini tazama lililompata Oakland, Marekani, mwaka 1964, alipopambana faraghani na Wong Jack Man, mpiganaji mwingine wa kung fu. Upande wa Lee ulisema alishinda kwa dakika kama tatu, na mwenzake akawa na maelezo tofauti; ninalolijali mimi ni kwamba Lee hakuridhika, kwa sababu pambano lilikuwa refu kuliko alivyotarajia na pumzi zilimwishia. Mwingine angejisifu tu. Yeye alirudi akaikagua Wing Chun, mtindo wa kung fu aliojifunza Hong Kong kwa Ip Man, akaanza kukimbia na kunyanyua vyuma, akatazama filamu za mapambano ya Muhammad Ali, na akajifunza mieleka na judo kwa Gene LeBell.

Shangazi Mwanaidi: Nanyi msisahau kwamba mwaka 1958 alikuwa bingwa wa kucheza cha-cha huko Hong Kong. Ile miguu haikutoka kwenye ngumi peke yake.

Mjomba Salehe: Ahsante, shemeji. Nilikuwa nikiogopa kulitaja hilo mbele ya vijana.

Dada Rehema: Nakubali kuhusu mazoezi. Hata hivyo, wanaomwita baba wa mapigano mseto, yaani yale yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, wanazidisha, kwa sababu mashindano ya kwanza ya UFC, shirika la Marekani la mapigano hayo, mwaka 1993, yaliletwa na ukoo wa Gracie kutoka Brazil, ambao elimu yao ya kukaba na kuvunja viungo ilitokana na judo ya Wajapani, wala hawakuipata kwake.

Mjomba Salehe: Sawa kabisa, na mimi pia simwiti baba. Ila ukipata nafasi, tazama mwanzo wa filamu yake ya mwaka 1973, Enter the Dragon, anapopambana na mwigizaji Sammo Hung. Wamevaa glavu ndogo zinazoacha vidole wazi, wanapiga, wanarushana, na mwisho mmoja anakabwa chini hadi anapigapiga kwa mkono kuashiria kwamba amesalimu amri. UFC ilizilazimisha glavu mwaka 1997, yaani miaka 24 baadaye. Sidai kwamba waliiga kwake, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba mkono unahitaji kupiga na kushika pia. Alifariki Julai mwaka huohuo wa 1973, akiwa na miaka 32, hata kabla filamu haijaanza kuonyeshwa.

Idi: Kwa hiyo nisimame vipi, Mjomba?

Mjomba Salehe: Kwa mwalimu wako simama anavyotaka yeye. Nyumbani, simama mbele ya kioo, mguu wa kulia mbele, kisigino cha nyuma kikiwa kimeinuka kidogo, kisha rusha ngumi ya kulia huku ukisogea, na uhakikishe mkono unafika kabla ya mguu kukanyaga. Ukikanyaga kwanza, mpinzani amekwisha kukusoma.

Idi: Nimejaribu mara kumi. Mkono umetangulia mara tatu tu, na hizo tatu hata mimi mwenyewe sikuiona ngumi ikianza.