Tupeane uzoefu: jamu ya matunda pori, wewe unapika ya nini na unafanyaje ishike?

Wa Lushoto (mwanzisha mada)
Wakuu, matunda pori yakiiva tunayala chini ya mti hadi meno yanakufa ganzi, yanayobaki wanafaidi kuku. Halafu tunakwenda dukani kununua kopo la jamu nyekundu ambalo hata muuzaji hajui ni tunda gani limo. Mimi napika ya forosadi, na msimu ukiruhusu nachanganya na yale ya miiba yanayoota kando ya njia huku milimani. Naanza, nanyi mwageni yenu.

Forosadi ni tamu lakini haina ukali wa kutosha, na pektini yake (ile inayofanya jamu ishike) ni kidogo. Ukichuma nyeusi tupu utapata sharubati nzito. Kwa hiyo naongeza konzi mbili tatu za zile nyekundu ambazo hazijaiva sawasawa, hizo ndizo zinazoshikisha. Vikonyo navikata kwa mkasi, kimoja kimoja. Ni kazi ya kukera, lakini jamu yenye vijiti mimi siiwezi.

Kilo ya matunda, sukari robo tatu kilo, ndimu mbili. Matunda na ndimu yalainike kwanza kwa moto mdogo, kisha sukari, ikishayeyuka unachochea moto. Mwanzoni utaona povu jepesi. Baadaye mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka kwa sauti. Hapo dondosha tone kwenye kisahani cha baridi, subiri kidogo, lisukume kwa kidole. Likijikunja juu kama ngozi, epua.

Wenye kipimajoto, angalieni hili: maelekezo mengi yanasema nyuzi 104 au 105. Hizo ni za pwani. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, jamu inakuwa tayari karibu na 100. Ukiing'ang'ania 104 utakula kashata.

Mnyamwezi wa Urambo
Ahsante mkuu, hilo la nyuzi nimelichukua. Huku kwetu miombo ndiyo shamba. Furu na ntalali, matunda meusi ya porini, ndiyo ya kwanza kutajwa. Shida yake ni kokwa: kubwa, gumu, nyama imeizunguka kidogo tu. Usihangaike na kisu. Osha, tia maji yafunike nusu ya matunda, chemsha yalegee, pondaponda kwa mwiko kisha sugua kwenye chekecheke. Kokwa zinabaki juu, rojo jeusi linashuka chini. Pima rojo, usipime matunda, ndipo uweke sukari. Furu ina utamu wake, mimi naweka sukari pungufu kidogo kuliko rojo.

Akina mama wa vikundi huku Tabora walifundishwa haya na watu wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto, pamoja na juisi na mvinyo wa matunda hayohayo. Mvinyo sina uzoefu nao, msiniulize 😄

Mama wa Nyandarua
Sisi huku ni nathi, ile ndogo ya rangi ya chungwa inayojificha ndani ya ganda kama karatasi. Waganda wanaiita ntuntunu. Inaota yenyewe shambani, hakuna anayeipanda kwetu. Hiyo haihitaji mbinu nyingi, pektini iko tele, inashika haraka mpaka unashangaa. Ila chukueni zilizoanguka zenyewe na ganda limekauka. Ya kijani si ya kuliwa, itawasumbua tumbo.

Mtanga wa Tampere
Naandika kutoka Finland. Huku sheria inamruhusu mtu yeyote, hata mgeni kama mimi, kuchuma matunda ya mwitu kwenye msitu wa mwingine, mradi hasogelei nyumba za watu wala haharibu. Na ukiuza ulichochuma, hulipi kodi ya mapato. Kuanzia Julai ni mustikka, yale ya buluu iliyoiva. Septemba puolukka, mekundu na machungu kidogo. Wenyeji wanatumia kichanio chenye kibakuli, unapitisha chini ya kichaka. Mbu wake ni balaa, mbu wa Pangani wana adabu.

Puolukka ina asidi ya benzoiki ya asili, inayozuia kuharibika, kwa hiyo bibi mmoja jirani yangu haipiki kabisa: anaiponda na sukari, anaitia ndooni, inafika hadi baridi iishe. Msijaribu hivyo kwa forosadi, itachacha.

Kijana wa Unguja
Zambarau mnaisahau? Ina ukakasi, ulimi unabaki kama umelamba chaki. Dawa ni kusubiri iive hadi iwe laini kabisa, na ndimu usizidishe. Mimi natia na kipande cha mdalasini. Wasiopenda, wakaile na chumvi kama zamani.

Dada wa Makambako
Swali: chupa mnatoa wapi? Na mtu akitaka kuuza?

Wa Lushoto
Chupa za asali na mayonizi, zile za kioo zenye kifuniko cha bati. Zichemshe dakika kumi, mimina jamu ikiwa moto, funga, geuza juu chini kidogo. Kifuniko chenye kutu tupa. Kwa kuuza anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji. Alama ya ubora ni ya TBS, shirika la viwango, ndio wenye usalama wa chakula tangu 2019. Na ukichuma kwenye hifadhi ya msitu, uliza kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu, kabla hujabeba kapu.

Dada wa Makambako
Nimepata. Huku kwetu makusu yanakaribia, nikipika nitaleta picha.