Naomba ushauri: kumpata mshauri mwelekezi wa mazingira kwa mradi wa kurefusha njia ya kurukia ndege

Katibu wa Kamati, Tanga
Habari za jioni ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kuandaa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za kumpata mshauri mwelekezi atakayefanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kwa mradi wa kurefusha njia ya kurukia ndege kwa mita 500 hapa mkoani kwetu. Ninafahamu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ikamilike kabla ya kazi kuanza, tena ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Kinachonikosesha usingizi ni ubora wa kazi yenyewe. Katika mradi wa barabara niliowahi kuushughulikia tuliletewa ripoti nene, imejalidiwa vizuri, lakini sura ya mifereji ilikuwa imenakiliwa kutoka mkoa mwingine, hata jina la mto halikubadilishwa. Masika ilipofika, maji yaliingia katika nyumba za watu na mama mmoja akanionyesha alama ya tope ukutani, juu ya kitanda cha wanawe. Tuandike nini ili jambo hilo lisijirudie?

Mhandisi Mstaafu
Mdogo wangu, anza na maji. Mita 500 za lami kwa upana wa mita 30 ni mita za mraba 15,000. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo, unakuwa na lita 750,000 ambazo jana zilikuwa zikinywewa na ardhi na leo zinatafuta njia. Hadidu zimtake mshauri aonyeshe kwenye ramani maji hayo yanakwenda kwa nani, mfereji kwa mfereji, mpaka baharini au kwenye mikoko.

Tena msikubali mradi upimwe kwa urefu wa lami peke yake. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka ukanda wa mita 60 baada ya mwisho wa njia, kisha eneo la usalama ambalo, kwa njia zinazofikia mita 1,200 na kuendelea, halipungui mita 90, na linalopendekezwa ni mita 240. Mashamba na minazi iliyo humo imo ndani ya mradi, hata kama haitaguswa na lami.

Mvuvi wa Raskazone
Naunga mkono, na naomba neno la majira liandikwe waziwazi. Ndege hupaa kwa kuukabili upepo, kwa hiyo wanaosikia kelele wakati wa kusi huenda wasiwe wale wanaoisikia wakati wa kaskazi. Vilevile ndege wa pwani wanaohama kutoka kaskazini ya dunia huwa kwetu kuanzia takriban Oktoba hadi Machi. Mtaalamu akija Julai kwa siku tatu ataandika kwamba hakuwaona, na atakuwa mkweli.

Afisa Ununuzi
Shikamoo mzee Mhandisi. Ndugu Katibu, tumieni uteuzi unaozingatia ubora na gharama, ambapo pendekezo la fedha hufunguliwa tu kwa waliofaulu pendekezo la kiufundi, na alama nyingi ziende kwa watu na siku zao za uwandani badala ya wasifu wa kampuni. Itajwe kwa kila mtaalamu idadi ya siku, na abadilishwe kwa idhini yenu ya maandishi tu, kwa sababu mara nyingi jina kubwa hushinda zabuni kisha anayefika kijijini ni kijana aliyemaliza chuo mwaka jana. Aliyesanifu njia hiyo asipewe kazi ya kuitathmini. Malipo ya mwisho yasubiri hati ya idhini ya mazingira, na awamu ya kati isubiri mihutasari ya mikutano ya wananchi yenye saini zao.

Katibu wa Kamati, Tanga
Nawashukuru sana. Nimeongeza ziara mbili za uwandani, moja wakati wa masika na nyingine Januari, jambo litakalorefusha mkataba kwa miezi kadhaa. Wenzangu watalalamikia muda huo kikaoni Jumatatu, nami nitakwenda na ile hesabu ya lita 750,000.