Nimeshtakiwa Moshi nikiwa likizo: GMC (baraza linalosajili madaktari Uingereza) wanataka nini?

Mwana Marangu (Leicester, sasa niko Moshi)
Shikamooni wakubwa. Juzi jioni karibu na Himo nimegongana na bodaboda. Kijana kavunjika mguu. Nilimfunga kwa kanga ya mama na fito mbili za tenga la nyanya, tukakimbilia KCMC. Leo nimesomewa shtaka la kuendesha kwa uzembe, niko nje kwa dhamana. Nakala ya hati ya mashtaka nimeifuata mara tatu, naambiwa mwenye muhuri hayupo, njoo kesho. Na tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo itabidi itafsiriwe. Tafsiri hiyo GMC wanaitaka na muhuri wa nani?

Binti Kibosho (Manchester)
Pole Mangi, na kijana apone. Ila unajisumbua bure, faini za barabarani haziripotiwi. Mimi kamera ilininasa barabara ya M6, sikumwandikia mtu.

Mzee wa Machame (Birmingham)
Marahaba. Binti, usimpotoshe mwenzio! Faini unayolipa ikaisha ni jambo lingine, huyu kapandishwa kizimbani. Mwongozo wa GMC unasema popote duniani, bila kuchelewa, na unatakiwa kusema ukishashtakiwa, husubiri hukumu. Mimi nilisubiri. Kesi yangu ya Arusha ilifutwa, lakini kwenye apraizo (tathmini ya kazi ya daktari) ya mwaka ule niliulizwa kwa nini nilinyamaza miezi minne, na sikuwa na jibu.

Mdau wa Sacramento
Huku California bodi ya madaktari inakupa siku 30 kuripoti ukishtakiwa kwa kosa kubwa la jinai, au ukitiwa hatiani hata kwa dogo. Hata ukihama nyumba ni siku 30.

Mzee wa Machame
Kasema yuko Leicester.

Binti Kibosho
Samahani Mzee, nimeelewa. Mangi, waandikie leo hii, hati itafuata. Mlima umetoka?

Mwana Marangu
Nimeshawaandikia. Mlima asubuhi ulikuwa wazi, Kibo na Mawenzi. Mama kapika mtori, haukupita kooni, nikaupeleka wodini kwa yule kijana. Ana mtoto wa miezi miwili. Suala la muhuri bado, jamani.

Mzee wa Machame
Mtori wa nyumbani! Mama yangu yuko Machame, na kila Desemba nalipa viza dola 50 ili nikamwamkie. Uraia pacha tutausubiri mpaka lini?