MREJESHO: Pete ya M57 na ile galaksi ya pembeni

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza mbona nebula ya M57 (wingu la gesi lenye umbo la pete) inatoka nyeupe tupu kwenye picha na galaksi ya IC 1296 pembeni yake haionekani. Asanteni sana aisee. Niliachana na picha moja ya dakika 10, nikaiagiza darubini ya roboti kule Tenerife (kisiwa cha Hispania) ipige 60 za dakika moja moja usiku usio na mwezi, kisha nikaziunganisha kwenye programu. Pete imetoka safi, kibuluu katikati wekundu ukingoni, hadi kinyota cha kati kipo! Galaksi ni doa la moshi tu, mikono yake ya nyota inayojipinda sijaipata, ila iko zaidi ya miaka-nuru milioni 200 huko, pete ni kama miaka-nuru 2,500 tu. Aliyesema nisisahau fleti (picha za uso wenye mwanga sawa, za kusawazisha giza la kona) nilimpuuza, sasa kona zote zina giza 😅